Kasi na Velositi: Hesabu ya Njia, Barabara na Mto kwa Wakazi wa Uluguru

Katika vijiji vingi vya Milima ya Uluguru, mtu akiulizwa umbali wa kwenda sokoni au zahanati hajibu kwa kilomita. Hujibu kwa muda: "Ni mwendo wa saa mbili." Jibu hilo lina hekima, kwa kuwa mlimani kilomita moja ya kupanda hailingani na kilomita moja ya kushuka. Hata hivyo lina upungufu mmoja: halisemi ni mwendo wa nani. Saa mbili za kijana asiye na mzigo huweza kuwa saa tatu au nne za mama mjamzito, na zaidi ya hapo kwa watu wanne waliombeba mgonjwa kwenye machela wakati wa masika.

Makala haya yanaeleza somo la kasi na velositi kama linavyofundishwa katika fizikia ya awali, kwa kutumia mifano ya mazingira yetu. Yatamsaidia mwanafunzi wa sekondari na mzazi anayemsimamia, lakini yamekusudiwa kila mkazi wa kata. Atakayeyasoma hadi mwisho ataweza kukokotoa mambo matatu: muda wa kumfikisha mgonjwa kwenye huduma, nafasi inayomtosha mtoto kuvuka barabara, na muda uliobaki kabla maji ya mafuriko hayajafika mtaani au shambani. Vifaa vinavyohitajika ni saa ya simu, kamba ya kupimia au hatua za miguu, kalamu na karatasi.

MAANA YA KASI

Kasi ni umbali ambao kitu au mtu anaupita katika kipimo kimoja cha muda. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa moja ana kasi ya kilomita 4 kwa saa. Maji yanayosogea mita 2 kila sekunde yana kasi ya mita 2 kwa sekunde. Kanuni yake ni moja, nayo huandikwa kwa namna tatu kulingana na kile kinachotafutwa:

Kasi = Umbali ÷ Muda
Umbali = Kasi × Muda
Muda = Umbali ÷ Kasi

Msomaji atakumbuka kuwa neno "mwendokasi" limezoeleka kwa maana nyingine. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam huitwa hivyo, na barabarani neno hilo hutajwa dereva anapozidisha mwendo. Ili kuepuka mkanganyiko, makala haya yanatumia neno "kasi" kwa ukubwa wa mwendo pekee, na neno "velositi" kwa kasi iliyotajwa pamoja na mwelekeo wake.

Vizio vinavyotumika zaidi ni viwili: kilomita kwa saa, ambacho husomwa kwenye kipima mwendo cha gari, na mita kwa sekunde, ambacho hutumika zaidi darasani. Kilomita 1 ni mita 1,000, na saa 1 ni sekunde 3,600. Kwa hiyo kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6. Kubadili mita kwa sekunde kuwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6.

Mfano wa 1. Pikipiki inakwenda kilomita 36 kwa saa. Je, inapita mita ngapi kwa sekunde moja?
36 ÷ 3.6 = mita 10 kwa sekunde.

Maana yake ni kwamba, kila unapotamka neno moja fupi, pikipiki hiyo imekwishasogea mita 10 hivi. Kilomita kwa saa hutufaa kupanga safari. Mita kwa sekunde hutuonesha hatari, kwa kuwa ajali hutokea ndani ya sekunde chache.

MITEGO MIWILI YA SAA

Makosa mengi katika hesabu za kasi hayatokani na kugawanya vibaya. Hutokana na kusoma muda vibaya, na mitego yake ni miwili.

Mtego wa kwanza ni wa saa za Kiswahili. Siku yetu huanza kuhesabiwa upya baada ya saa 12. Aliyeondoka nyumbani saa 11:40 alfajiri na kufika saa 1:10 asubuhi hawezi kutoa 11:40 katika 1:10. Ahesabu kwanza dakika 20 hadi saa 12:00, kisha saa 1 na dakika 10 hadi alipofika. Jumla ni saa 1 na dakika 30.

Mtego wa pili ni wa dakika na desimali. Saa 1 na dakika 45 si saa 1.45. Dakika 45 ni robo tatu ya saa, kwa hiyo muda huo huandikwa saa 1.75. Gawanya dakika kwa 60 kila mara kabla ya kuziingiza katika kanuni.

Mfano wa 2. Njia kuu ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ina urefu wa kilomita 205, na huduma ya abiria katika kipande hicho ilianza Juni 2024. Tuchukulie kuwa treni imetumia saa 1 na dakika 45, ikiwemo kusimama njiani kama vile katika stesheni ya Ngerengere. Kasi yake ya wastani ni ipi?
205 ÷ 1.75 = kilomita 117 kwa saa, takriban.
Aliyegawanya kwa 1.45 atapata kilomita 141 kwa saa, naye atakuwa ameipa treni kasi ambayo haikuwa nayo.

Reli hiyo imesanifiwa kwa treni za abiria zenye kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Iweje basi wastani uwe 117? Ni kwa sababu treni huanza ikiwa imesimama, huongeza mwendo, hupunguza inapokaribia stesheni, husimama, kisha huanza tena. Kasi ya wastani hujumlisha yote hayo. Kasi ya papo hapo ni ile inayosomwa kwenye kipima mwendo katika nukta fulani ya safari. Zote mbili ni za kweli, lakini hujibu maswali tofauti: ya kwanza hukueleza utafika lini, ya pili hukueleza hatari iliyopo sasa hivi.

WASTANI WA KUPANDA NA KUSHUKA

Mkazi wa milimani hukutana na jambo ambalo aliye tambarare halioni kwa urahisi. Chukua mkulima anayetoka bondeni kwenda shambani mlimani, umbali wa kilomita 6, kisha anarudi na mkungu wa ndizi kwa njia ileile. Akipanda hutembea kilomita 3 kwa saa. Akishuka hutembea kilomita 6 kwa saa. Wastani wake ni upi?

Wengi watajumlisha 3 na 6, watagawanya kwa 2, na kujibu kilomita 4.5 kwa saa. Jibu hilo si sahihi. Kanuni inataka umbali wote ugawanywe kwa muda wote:

Muda wa kupanda: 6 ÷ 3 = saa 2
Muda wa kushuka: 6 ÷ 6 = saa 1
Umbali wote: kilomita 12
Muda wote: saa 3
Kasi ya wastani: 12 ÷ 3 = kilomita 4 kwa saa

Wastani umeelemea upande wa kupanda kwa sababu mkulima ametumia muda mrefu zaidi akipanda. Aliyepanga safari yake kwa kasi ya 4.5 atatarajia kurudi baada ya saa 2 na dakika 40. Ukweli ni saa 3. Dakika 20 zilizopotea kwenye karatasi zinatosha kumkosesha mtu gari la mwisho la kwenda sokoni Morogoro, au kumkutisha na giza kwenye mteremko wa utelezi.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa mgonjwa. Machela ikibebwa kwa kilomita 2 kwa saa, kilomita 6 zitachukua saa 3. Umbali huohuo ukiwa na barabara inayopitika, gari likienda polepole kwa kilomita 20 kwa saa litatumia saa 0.3, yaani dakika 18. Zahanati haijasogezwa hata hatua moja. Kilichobadilika ni kasi. Ndiyo sababu kuzibua mtaro, kuweka kalavati au kuchonga kipande cha barabara huhesabiwa kuwa sehemu ya huduma ya afya, hata kama kazi hiyo haifanywi na mganga.

VELOSITI: KASI YENYE MWELEKEO

Treni inayotoka Dar es Salaam kuja Morogoro huelekea upande wa magharibi. Inayorudi huelekea mashariki. Zikiwa zote zinakwenda kilomita 120 kwa saa, kasi zao ni sawa, lakini velositi zao si sawa kwa kuwa mielekeo inapingana.

Katika kukokotoa velositi, hatutumii urefu wa njia iliyozunguka. Tunatumia umbali wa mstari mnyoofu kutoka mahali pa kuanzia hadi mahali pa kuishia, pamoja na mwelekeo wake:

Velositi ya wastani = Umbali wa mstari mnyoofu wenye mwelekeo ÷ Muda

Mfano wa 3. Njia ya miguu kutoka kitongoji kilichoko mlimani hadi zahanati huzunguka makorongo na ina urefu wa kilomita 6. Ukichora mstari mnyoofu, zahanati iko kilomita 2.5 mashariki mwa kitongoji. Mtu ametumia saa 2 kufika.
Kasi ya wastani: 6 ÷ 2 = kilomita 3 kwa saa
Velositi ya wastani: 2.5 ÷ 2 = kilomita 1.25 kwa saa kuelekea mashariki

Akirudi nyumbani jioni, amekwishatembea kilomita 12, na kasi yake ya wastani ina thamani. Lakini velositi ya wastani ya safari nzima ni sifuri, kwa kuwa ameishia pale alipoanzia.

Mfano huu una uzito katika upangaji wa huduma. Ramani humwonesha mtazamaji mstari mnyoofu: kitongoji kile kinaonekana kuwa kilomita 2.5 kutoka zahanati, na kwa macho hayo wakazi wake wamehudumiwa. Mgonjwa hapiti kwenye mstari wa ramani. Hupita njiani, kilomita 6, kwa saa 2 akiwa mzima na saa 3 akiwa amebebwa. Katika milima yenye mabonde yaliyochongoka kama Uluguru, tofauti ya namba hizi mbili huwa kubwa kuliko mahali patambarare. Kijiji kinachopeleka hoja yake kikiwa na namba zote mbili, pamoja na muda, kinaeleweka zaidi kuliko kinachosema "tuko mbali."

BARABARANI: SEKUNDE SABA ZA MTOTO

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Nje ya makazi, magari ya abiria na ya mizigo mizito yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Hebu tuzipime namba hizi kwa jicho la mtoto wa shule anayevuka barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, mahali kama Mikese.

Tuchukulie kuwa barabara ina upana wa mita 7 na mtoto anatembea mita 1 kwa sekunde. Anahitaji sekunde 7 kuvuka.

Gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa: 50 ÷ 3.6 = mita 13.9 kwa sekunde. Katika sekunde 7 litapita mita 97.
Gari lenye kasi ya kilomita 80 kwa saa: 80 ÷ 3.6 = mita 22.2 kwa sekunde. Katika sekunde 7 litapita mita 156.

Kwa hiyo gari lililoko mita 120 kutoka kwa mtoto ni salama kwake likiwa na kasi ya 50, na ni hatari likiwa na kasi ya 80. Mtoto hawezi kusoma kipima mwendo cha dereva. Humkadiria kwa macho, na macho ya mtoto bado hayajazoea kupima kasi. Walimu na wazazi wanaweza kupima mita 160 kwa hatua kando ya barabara na kuchagua alama inayoonekana, kama mti au nguzo. Kisha watoto wafundishwe: gari likiwa limeshapita alama ile kuja huku, usivuke.

Upande wa dereva nao una hesabu yake. Anapoona hatari, hutumia walau sekunde 1 kabla mguu haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 50 kwa saa limesogea karibu mita 14, na la kilomita 80 limesogea mita 22. Baada ya hapo ndipo breki huanza kufanya kazi, na umbali wa kusimama hauongezeki sawasawa na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikizidishwa mara 2, umbali wa breki huzidishwa mara 4. Kwa gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, makadirio ni haya:

Kilomita 50 kwa saa: mita 14 za kushtuka na mita 14 za breki, jumla mita 28.
Kilomita 80 kwa saa: mita 22 za kushtuka na mita 36 za breki, jumla mita 58.

Lami ikilowa, au barabara ikiwa ya changarawe na mteremko, umbali huo huongezeka zaidi. Madereva wa bodaboda wanaoteremka kutoka vijiji vya milimani wakiwa na abiria na mzigo wa mananasi wanapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kona, kwa sababu ndani ya kona breki haina nafasi ya kutosha.

Je, dereva anayezidisha mwendo anapata faida gani? Tuchukulie kijiji chenye makazi yaliyotandaa kilomita 5 kando ya barabara. Kwa kilomita 50 kwa saa atakipita kwa dakika 6. Kwa kilomita 80 kwa saa atakipita kwa dakika 3 na sekunde 45. Ameokoa dakika 2 na sekunde 15, na kwa ajili ya hizo ameongeza zaidi ya maradufu umbali anaouhitaji kusimama mbele ya mtoto.

MTONI: MAJI HAYASUBIRI

Mito inayoanzia Uluguru hulisha maisha ya watu wengi. Ile ya kaskazini huingia Ngerengere, na Ngerengere hujiunga na Ruvu, mto unaofika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo baada ya kuwapatia maji wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Miteremko ya mashariki, inayotazama bahari, hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi. Kwa hali hiyo, mvua kubwa huweza kunyesha kileleni wakati bondeni jua linawaka, na mto ukafurika mbele ya mtu ambaye hakuona hata tone.

Kasi ya mto hupimika bila mtambo. Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia aliyeishi kati ya 1564 na 1642, alipochunguza mwendo wa mipira inayoviringika kwenye mteremko hakuwa na saa sahihi. Alipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochirizika kwenye chombo. Sisi tuna saa ya simu. Siku ya utulivu, ukiwa ukingoni, fanya hivi:

1. Chagua kipande cha mto kilichonyooka. Pima mita 20 ukingoni na uweke alama mwanzo na mwisho.
2. Mtu mmoja atupe kijiti juu kidogo ya alama ya kwanza. Mwingine aanze kuhesabu muda kijiti kinapopita alama hiyo, na asimamishe kinapofika ya pili.
3. Rudia mara tatu, kisha tafuta wastani.

Mfano wa 4. Vijiti vitatu vimetumia sekunde 16, 15 na 17.
Wastani wa muda: (16 + 15 + 17) ÷ 3 = sekunde 16
Kasi ya uso wa maji: 20 ÷ 16 = mita 1.25 kwa sekunde

Maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini yanayosuguana na mawe. Wataalamu wa maji huzidisha kasi ya uso kwa takriban 0.85 ili kukadiria wastani wa mto mzima: 1.25 × 0.85 = mita 1.06 kwa sekunde. Kipimo hiki hakifanywi kamwe mto ukiwa umefurika, wala mtu asiingie majini kwa ajili yake.

Sasa tufike kwenye hesabu yenye uzito kuliko zote. Tuchukulie kijiji cha juu kinaona maji yamepanda ghafla, na kijiji cha chini kiko kilomita 9 kwa kufuata mto.

Maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde: 9,000 ÷ 1.5 = sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40.
Maji yakienda mita 2.5 kwa sekunde: 9,000 ÷ 2.5 = sekunde 3,600, yaani saa 1.

Anayekumbuka kuwa mwaka jana maji yalichukua saa 1 na dakika 40 atajipa dakika 40 ambazo safari hii hazipo. Tena, wimbi la mafuriko huweza kutangulia mbele ya kijiti kinachoelea, kwa hiyo muda unaopatikana kwa hesabu hii uchukuliwe kuwa ukomo wa juu, si ahadi. Simu ikichelewa dakika 20 kupigwa, muda wa kuhamisha watoto, wazee na mifugo umebaki dakika 40. Vijiji vilivyo kwenye mto mmoja vinashauriwa kuwa na orodha ya namba za simu za kupigiana, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji cha juu kabisa hadi wa chini kabisa, na kufuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mto pia ni mwalimu mzuri wa velositi. Mtumbwi ukipigwa kasia moja kwa moja kuelekea ng'ambo kwa mita 1 kwa sekunde, katika mto wenye upana wa mita 40, utafika kwa sekunde 40. Lakini mkondo ukiwa wa mita 0.8 kwa sekunde, katika sekunde hizo 40 utausukuma mtumbwi mita 32 kuelekea chini. Abiria hatashuka mbele ya pale alipoelekea. Atashuka mita 32 chini yake. Velositi mbili, ya kasia na ya mkondo, zimeungana na kuzaa velositi ya tatu yenye mwelekeo wa mshazari. Mpiga kasia mzoefu hulijua jambo hili bila karatasi, ndiyo maana huelekeza mtumbwi juu kidogo ya gati.

Kwa anayevuka kwa miguu, mkondo una hatari ya ziada. Nguvu ya maji yanayomsukuma mtu huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kama umbali wa breki. Mto uliovukwa jana kwa mita 1 kwa sekunde, leo ukiwa na mita 2 kwa sekunde, humsukuma mtu kwa nguvu mara 4, hata kama kina kimebaki magotini. Kina cha maji peke yake hakitoshi kuamua.

MAZOEZI

1. Mwanafunzi anatembea kilomita 3.5 kwenda shule kwa dakika 50. Tafuta kasi yake kwa kilomita kwa saa.
2. Gari limeondoka saa 11:50 alfajiri na kufika saa 1:20 asubuhi, umbali wa kilomita 60. Tafuta kasi ya wastani.
3. Mzee anavuka barabara ya mita 8 kwa kasi ya mita 0.8 kwa sekunde. Lori linakuja kwa kilomita 72 kwa saa. Lazima liwe umbali gani, kwa uchache, ili avuke kabla halijafika?
4. Maji ya mafuriko yanakuja kwa mita 2 kwa sekunde kutoka kilomita 5.4 juu ya mto. Taarifa imechelewa dakika 15. Familia inahitaji dakika 25 kuhama. Imebakiwa na dakika ngapi za ziada?
5. Muuza viungo ametoka nyumbani hadi gulioni, kilomita 8, na amerudi nyumbani. Safari nzima imechukua saa 4. Tafuta kasi ya wastani na velositi ya wastani.

Majibu: (1) Dakika 50 ni saa 0.833, kilomita 4.2 kwa saa. (2) Muda ni saa 1.5, kilomita 40 kwa saa. (3) Mzee anahitaji sekunde 10. Lori hupita mita 20 kwa sekunde. Zaidi ya mita 200. (4) Maji hufika baada ya sekunde 2,700, yaani dakika 45, zimebaki 30, ziada ni dakika 5. (5) Kasi ni kilomita 4 kwa saa. Velositi ni sifuri.

NAMBA ZA KUPELEKA MKUTANONI

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau mara moja kila miezi mitatu, na ndipo vipaumbele vya kijiji hujadiliwa. Wananchi wanahimizwa kuja na vipimo pamoja na malalamiko. Kwa kila kitongoji, pimeni na kuandika mambo manne: urefu wa njia hadi zahanati au kituo cha afya, umbali wa mstari mnyoofu kama simu au ramani inavyoonesha, muda wa mtu mzima kiangazi, na muda wa machela wakati wa masika. Kwa kila kivuko cha mto, andikeni upana, kasi ya maji katika siku ya kawaida, na miezi ambayo hakivukiki. Walimu wa sayansi wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi wakisimamiwa, nao wanafunzi watajifunza fizikia kwa jambo linalowahusu.

Taarifa hizo zikabidhiwe kwa Mtendaji wa Kijiji, naye aziwasilishe kwa Mtendaji wa Kata. Hoja za barabara za wilaya huelekezwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ukiwemo uwekaji wa vivuko na makalavati. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, na huko ndiko huombwa matuta na alama za kuvukia karibu na shule. Dharura ya ajali au mafuriko isisubiri mkutano: toeni taarifa mara moja kwa viongozi wa kitongoji na kwa Polisi kupitia namba 112.

Kwa hiyo mtu akikuambia tena kwamba zahanati ni "mwendo wa saa mbili," mwulize maswali matatu: ni kilomita ngapi kwa njia, ni kwa kasi ya nani, na ni msimu gani. Majibu yake yakiandikwa vizuri, yanatosha kuanzisha hoja ya kivuko.